Unamwita Nani Bwana?

Jaribu kuhesabu. Tangu asubuhi ya leo umetamka neno "bwana" mara ngapi? Ulipoamka uliomba, na katika sala ulisema "Ee Bwana". Njiani ulikutana na mwenzako wa kanisa mkasalimiana "Bwana asifiwe". Sokoni mama mmoja aliulizwa, "Bwana yako amekwisha kutoka ziwani?" naye akajibu, "Bado." Na pale pirogi zinapofika, vijana wawili waligombana juu ya bei ya samaki, mmoja akasema, "Wacha mambo yako, bwana!" Neno ni moja, nalo limekwenda kwa Mungu, kwa mume wa nyumba, na kwa kijana anayekataa kushusha bei. Hakuna aliyekosea. Lakini neno linalofanya kazi nyingi namna hii linapashwa kuangaliwa, kwa sababu linachukua heshima yetu na kuipeleka pahali fulani, na mara nyingine hatuangalii linaipeleka wapi.

Nimeona sherti kuandika juu ya jambo hili kwa ajili ya vijana wetu wa kariere. Wanakwenda Mongbwalu na kwenye machimbo mengine ya Djugu, wanakaa miezi, wanarudi hapa Tchomia na desturi mpya ya kuita watu. Kule mwenye shimo anaitwa PDG. Herufi hizo ni za Kifaransa, ni cheo cha mkubwa wa kampuni nzima. Sasa mtu mwenye shimo moja, pampu moja ya maji na wachimbaji kumi ni PDG. Sikatai, ni jina la kazi kama majina mengine. Mambo yanaanza kuharibika jioni, wakati mizani imekwisha kupima. Kijana wa miaka 23 akipata gramu chache za zahabu, watu wenye ndevu nyeupe wanamzunguka: "Papa PDG! Bwana mukubwa! Utatuacha namna gani?" Mwezi unaofuata shimo linajaa maji, deni linabaki, na wale wale wanamwita kwa jina lake la utoto, kama vile hawajapata kunywa soda yake hata siku moja.

Na baba yake? Baba yake ni mvuvi aliyemlipia shule kwa samaki, senti kwa senti. Yeye anaitwa "ile muzee". "Ile muzee iko pale." Hata ngeli ya mtu wamemnyima, wamempa ya meza!

Yakobo alijua mambo ya kariere mbele ya kariere. Katika sura ya pili ya barua yake anaeleza mtu anayeingia katika kusanyiko na pete ya dhahabu kidoleni, na maskini anayeingia na nguo chafu. Mmoja anapewa kiti kizuri, mwingine anaambiwa asimame au akae chini. Soma mwenyewe aya za kwanza, halafu uulize kama Yakobo hakupata kufika Ituri.

Jina na safari yake

Neno bwana ni la Kiswahili cha pwani. Wako wenye elimu ya lugha wanaosema mzizi wake ni Kiarabu, neno lenye maana ya "baba yetu". Lilifika kwetu barani pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, iliyotoka Zanzibar na pwani ikatafuta pembe za tembo na, kwa huzuni yetu, watu. Wale waliofuata misafara hiyo walijiita wangwana, maana yake watu huru, wasio watumwa. Ndiyo sababu Kiswahili chetu cha Kongo kiliitwa Kingwana. Fikiri kidogo: lugha ambayo babu zetu walijifunza ilibeba jina la heshima hata katika jina lake. Kusema Kingwana kulikuwa kusema, "Mimi pia si mtwana wa mtu."

Halafu zahabu ilionekana Kilo mwaka 1903, na miaka miwili baadaye kazi ya kuichimba ikaanza. Wazungu walikuja kusimamia. Kila mzungu akawa Bwana, hata kama alikuwa kijana aliyefika jana kutoka Ulaya. Mtu mweusi mwenye bibi na watoto sita akaitwa "boy", neno la Kiingereza la mtoto mwanamume. Walio wazee kati yenu wanakumbuka. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Patrice Lumumba alisimama mbele ya mfalme Baudouin wa Ubelgiji, na kati ya majeraha yote aliyoyataja (kazi ya nguvu, mashamba yaliyonyang'anywa, gereza) alitaja pia jambo hili dogo la kuita: kwamba mtu mweusi aliambiwa "tu", wala si kama rafiki, kwa sababu "vous" ya heshima ilikuwa ya wazungu peke yao. Wako watu waliojiuliza sababu gani kuingiza sarufi katika hotuba ya namna ile. Mimi naona alijua vizuri. Kiboko kinaumiza mgongo na mgongo unapona. Mtu anayeitwa mtoto miaka 40 anaweza kufika siku ya kuamini.

Kiswahili chetu hakina "vous" kama Kifaransa. Mfalme ni "wewe" na mwizi ni "wewe". Kwa hiyo heshima yetu karibu yote inategemea jina tunalotia mbele: Papa, Muzee, Baba Neema, Kaka, Bwana. Ukiliondoa unabaki na "weye" kavu, na kila mzazi anajua namna "weye" kavu inavyosikika ikitoka katika kinywa cha mtoto wake.

Serikali pia zilijaribu kutengeneza jambo hili kwa amri. Wafaransa, walipopindua ufalme wao, waliacha "monsieur" mwaka 1792 wakaitana "citoyen". Walikuwa na sababu, maana monsieur kwa asili ni "bwana wangu". Baada ya miaka michache monsieur ikarudi. Kwetu Zaire Mobutu alifanya vilevile tangu 1972, pamoja na kukataza kravati na majina ya ubatizo. Hakuna tena monsieur wala madame, wote ni citoyen na citoyenne. Ilisikika vizuri masikioni, wote sawa! Lakini mmoja kati ya wale citoyen wote aliitwa Guide, na Baba wa Taifa, na tangu 1982 Marshali. Tarehe 24 Aprili 1990 alipotangaza vyama vingi, aliruhusu pia kravati na monsieur virudi. Watu wengi walitupa citoyen siku ile ile.

Mwezi wa tano 1997 akaingia Laurent-Désiré Kabila, na nchi nzima, hata Kinshasa wanakosema Lingala, ikajifunza neno Mzee. Wakenya walikuwa wamemwita Jomo Kenyatta hivyo zamani. Ni neno zuri sana, kwa kuwa halinunuliwi: linatoka katika kuzeeka, na hakuna fundi anayeweza kukuzeesha kwa dolari. Mambo ya Walawi 19:32 inaamuru tusimame mbele ya mtu mwenye mvi. Haisemi kwanza tuulize ana nini mfukoni.

Neno lililopita ukingoni mwa ziwa letu

Kuna jina jingine la wanaume ambalo wewe wa Tchomia umelisikia kuliko ulivyotaka: afande. Vijana wengi wanafikiri ni neno la Uganda. Asili yake ni Kituruki, "efendi", jina la heshima la mtu aliyesoma au afisa, na lilienea katika majeshi ya Misri na Sudani.

Sasa sikiliza historia ya hapa hapa. Katika miaka ya 1880 gavana wa Misri katika sehemu za Nili ya juu alikuwa mganga mmoja Mjerumani, jina lake la kuzaliwa Eduard Schnitzer. Sisi tunamjua kama Emin Pasha, na "pasha" nayo ni cheo cha Kituruki. Vita ya Mahdi ilipomkata na Misri, Stanley alitumwa kumtafuta. Walikutana tarehe 29 Aprili 1888 ukingoni mwa Ziwa Albert, upande wetu huu wa magharibi, kwenye nchi ya chifu Kavalli. Mwaka uliofuata Emin alitoka na Stanley kwenda pwani, lakini askari wake wengi Wasudani walibaki na mkubwa wao Selim Bey. ("Bey" pia ni cheo. Watu wale walipenda vyeo!) Mwaka 1891 kapteni Mwingereza Lugard alikuja Kavalli akawachukua kwenda Uganda, na askari wale wakawa kati ya mwanzo wa jeshi la Kiingereza kule. Katika jeshi hilo efendi iliendelea kuwa cheo cha maafisa weusi, na katika vinywa vya Waswahili ikawa afande. Polisi na askari wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaitumia mpaka leo, na huko ni adabu ya kawaida.

Kwetu ilirudi na bunduki. Jeshi la Uganda lilikaa Ituri tangu 1998 mpaka 2003, na makundi yetu wenyewe yakaiga. Tuliona mtoto ambaye sauti yake haijakomaa akiitwa afande na mtu wa umri wa babu yake, kwa sababu mtoto alishika silaha na babu alishika mkono wa mjukuu mwingine. Hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya La Haye, mwezi wa tatu 2012, ilikuwa juu ya jambo hilo hilo, watoto wenye umri chini ya miaka 15 walioingizwa katika vita ya Ituri. Na tangu mwisho wa 2017, vita iliporudi Djugu na maelfu wakavuka ziwa kukimbilia Uganda, majina ya namna hiyo yamesikika tena.

Vijana, mnielewe vizuri. Si neno afande lililoua mtu. Lakini babu alipolazimika kumwita mtoto vile, kitu kilivunjika katika wote wawili. Babu alipona na kutembea. Mtoto yule, ambaye leo ni mtu wa miaka zaidi ya 30, mara nyingi ndiye asiyejua tena namna ya kusema "shikamoo" au "jambo Papa" kwa mtu asiye na kitu. Mtamkuta kwenye kariere. Msimcheke. Aliibiwa jambo ambalo ninyi mlifundishwa mezani.

Wale waliovuka ziwa waliona pia desturi nzuri. Waganda husema "ssebo" kwa mwanamume yeyote, tajiri na mpishi wa chapati barabarani. Na Wanyoro na Watoro wana "empaako", majina ya heshima yapatayo 12 kama Abwoli, Adyeri, Araali, Akiiki, Amooti. Kila mtoto hupewa moja, na moja peke yake, Okaali, limewekwa kwa ajili ya mfalme. Kumsalimia mtu vizuri sherti umuulize kwanza empaako yake. Mwaka 2013 UNESCO iliandika desturi hiyo kati ya zile zinazohitaji kulindwa upesi. Angalia hesabu: majina yote kwa watu wote, moja tu kwa mfalme.

Kurios

Hapo ndipo tunafika kwenye Biblia, maana katika Kiswahili sisi tumempa Mfalme na watu wote jina moja. Tulifanya vibaya? Hapana, Wayunani walifanya hivyo mbele yetu. Neno lao ni "kurios". Mtumwa alimwita hivyo mwenye nyumba, na mtu mwenye adabu alimwita hivyo mgeni njiani. Mwanamke Msamaria kwenye kisima anamwambia Yesu "kurie" (Yoane 4:11) akiwa bado hajui ni nani, kama mama wa Tchomia anayemjibu abiria. Wayunani waliomtaka Filipi awapeleke kwa Yesu walimwambia Filipi neno hilo hilo (Yoane 12:21). Lakini Wayahudi waliotafsiri Agano la Kale kwa Kiyunani walikuwa wamelitumia pahali pa Jina takatifu la Mungu. Biblia ya Kiswahili ya Union inajaribu kutusaidia kwa kuandika BWANA na herufi kubwa pahali hapo. Msaada mzuri, lakini kinywa hakina herufi kubwa.

Fungua sasa Matendo ya Mitume sura ya 16, gereza la Filipi. Tetemeko limepita, milango imefunguka, mlinzi anatetemeka. Anawaita Paulo na Sila "kurioi", mabwana, na kuwauliza afanye nini apate kuokoka. Paulo na Sila, wenye migongo ya damu, wangeweza kulipokea jina lile tamu. Katika jibu lao neno linarudi mara moja, lakini sasa ni la mmoja: amwamini Bwana Yesu. Katika Kiswahili ya aya 30 na 31 wasomaji wengi hupita bila kuona. Katika Kiyunani unaona kama vile mtu anayepewa barua isiyo yake, anaangalia jina juu ya bahasha na kuipeleka mlango wa pili.

Ndiyo maana wakristo wa kwanza walikubali kumheshimu Kaisari, walimlipa kodi na kumwombea, lakini walipoambiwa waseme "Kaisari ni Bwana" kwa maana ya kuabudu walikataa. Mzee Polikarpo wa Smirna aliombwa kusema tu maneno hayo machache na kutupa ubani kidogo. Hakusema, na karibu na mwaka 155 akachomwa moto. Kama bwana lingekuwa neno tu, mzee yule alikufa bure.

Wako waliokwenda mbele zaidi. Marafiki, wale wanaoitwa pia Quaker, tangu karne ya 17 Uingereza walikataa kumwita mtu kwa cheo chochote wala kumvulia kofia. Walifika Kaimosi, Kenya, mwaka 1902, na kanisa lao ni kubwa kule. Elihu katika Ayubu 32 anaelekea kuwaunga mkono, maana anasema hajui kuwapa watu majina ya kujipendekeza. Mimi hata hivyo nasimama na Paulo, ambaye akiwa mfungwa alimwita Festo mtukufu (Matendo 26:25) bila kumnyenyekea hata kidogo, na aliyewaandikia Waroma wampe heshima anayestahili heshima. Ubaya hauko katika cheo. Ubaya ni kuipima heshima kwa mizani ya zahabu.

Nyumbani na kanisani

Wamama wananiuliza juu ya Sara, kwa kuwa 1 Petro 3:6 inasema alimwita Abrahamu bwana. Baadhi ya waume wanaipenda aya hii kuliko Zaburi zote! Tazama mahali Petro alipoitoa: Mwanzo 18:12. Sara yuko ndani ya hema, anacheka moyoni, anasema peke yake. Hakuna mtu anayemsikia. Yaani alimwita mume wake bwana wakati hakuwako mtu wa kumsifu. Basi kipimo si namna unavyomwita mbele ya wageni. Ni namna unavyomwita mukiwa wamama tu, mnakausha samaki, mume yuko mbali ziwani. Na kwa waume: aya inayofuata, ya saba, inawaamuru ninyi kumpa bibi heshima, na inatisha kwamba sala zenu zinaweza kuzuiliwa. Kama wewe unamwita "ile mwanamke", usishangae sala ikirudi kama pirogi isiyo na samaki. (Ukienda Dar es Salaam uangalie, usimtambulishe mke wako kwa kusema "bibi yangu". Watafikiri umeoa nyanya yako.)

Juu ya kanisa nitasema kidogo, maana ni nyumba yetu sisi wachungaji. Mtu anafungua chumba cha sala chini ya maturubai, mwaka wa kwanza ni Ndugu, wa pili ni Apôtre, wa tatu ni Docteur, na shule aliyosomea udaktari haionekani. Matayo 23:8-10 iko pale. Sipendi kuieleza kwa urefu, inajieleza.

Kijana mmoja wa darasa la katekisimo aliniuliza: "Pasta, basi nimuite nani kule kwenye shimo? Nikikataa kumwita PDG atanifukuza." Muite PDG, ndilo jina la kazi yake, kama unavyomwita mwenye pirogi patron. Akiwa na miaka 23 na weye 19, muite Kaka. "Papa" umwachie anayekupita umri wa kukuzaa. Na yule mzee anayelinda pampu usiku, anayelipwa kidogo kuliko wote na ambaye wengi wanamwita "sentinele" tu, uliza jina la mtoto wake wa kwanza. Asubuhi ukipita, umwite Baba wa mtoto huyo.